Jinsi Flaviani Alivyovuka Mstari wa Sehemu ya Tatu

Sogeeni karibu, enyi watu wa Lituhi na wa Ngumbo, na ninyi wa milimani Mbinga mnaoshuka kwetu na magunia ya maharage. Tueni ndoo zenu, mwenye mtoto mgongoni na amgeuzie ubavuni anyonye, kwa maana habari hii ni ndefu na ina vishindo. Nawasimulia vita vya mchangani, siku ambayo mtu mmoja alisimama akaenda hatua kumi na nne, na ufuko wote ukashika mdomo. Nawaambia mapema, msije mkaanza kusikitika bure, hakuna aliyekufa. Usipa wangu tu, dagaa wa ziwa letu, ndio waliopotea, nao walikuwa wamekwisha kukauka.

Na jina la huyo mtu ni Flaviani. Flaviani fundi baiskeli, mnyoosha rimu, mziba pancha, yeye ambaye gurudumu lililopigwa na mawe ya njia ya Mbinga hata likawa umbo la yai, likipita mikononi mwake hurudi duara kama mwezi. Mtu mpole. Mimi nimemwona akizibiwa njia na mbuzi, akasubiri mbuzi amalize.

Naye wa pili ni Othmar, mshereheshaji wa harusi na vipaimara, sauti ya ngoma, suti ya kijivu, mwenye simu ya kamera tatu ambayo moja imepasuka. Huyo Othmar ndiye aliyeota kutengeneza filamu za shujaa arukaye, mlinzi wa ziwa letu, jina lake Mwewe wa Nyasa. Na ya kwanza aliitengeneza mwaka jana, nayo ikaanguka, na jinsi ilivyoanguka ndiko vita hivi vilikoanzia.

Ikawa, katika ile filamu ya kwanza, Othmar hakujua njia nyingine ya kuanza jambo mbele ya watu ila ile aliyoizoea ukumbini. Alianza na utambulisho. Aliwapanga wote mezani, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, akashika kipaza sauti akanena, "Kabla shujaa wetu hajaruka, naomba niwatambue waliomfikisha hapa. Yupo shangazi wa shujaa, Bibi Ottilia, asimame atupungie mkono." Nikasimama, nikapunga. "Yupo rafiki wa shujaa, Flaviani. Simama, Flaviani, usione haya." Akasimama, akapunga, akakaa. Wakatambulishwa wazee wa kijiji cha shujaa, na kamati ya shujaa, na mweka hazina. Adui mkuu hakuwepo. Othmar akatangaza kwamba ametoa udhuru, yuko Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe, na anawasalimu. Dakika arobaini na mbili. Na shujaa alipopanda jiwe, akanyoosha mikono, akakunja magoti, simu ikajaa. Filamu ikaishia kwenye magoti.

Sasa, siku ilipoonyeshwa, alikuwepo mama mmoja aliyetoka Ngumbo na wenzake sita kwa mashua, amejifunga kitenge kipya, kwa kuwa alikuwa amewaambia wenzake kuwa mkwe wake yumo ndani ya filamu. Ndiye Mama Serafina, aliyemzaa Oliva, mke wa Flaviani. Alimwona mkwe wake akisimama, akipunga, akikaa. Wakapanda mashua, wakarudi Ngumbo. Na tangu siku hiyo, kule Ngumbo, Flaviani hakuitwa tena Flaviani. Aliitwa Mtambulishwa. Watu walimwuliza mama, "Mtambulishwa hajambo?" Naye Mama Serafina, ambaye zamani akituma unga wa muhogo alituma na salamu za kujaza gunia jingine, sasa alituma unga peke yake.

Unga mtupu bila salamu ni kitu kizito kubeba, jamani. Flaviani aliupokea mara tano.

Hata mwaka huu Othmar akapiga mbiu. Alisimama juu ya mtumbwi uliofunikwa, akanena na ufuko wote, "Enyi ndugu zangu. Wenzetu wa nje, wenye ndege na majengo, filamu yao ya shujaa ikichakaa hawalii. Wanaianza upya. Shujaa yule yule, kijana mwingine, vazi jipya, na mjomba wake anakufa tena kama vile hakuwahi kufa. Nami naianza upya. Na kosa langu nimeliona. Niliwaleta wasaidizi mapema mno. Mara hii, sehemu ya kwanza ni ya shujaa peke yake. Sehemu ya pili, peke yake. Wasaidizi wote wataingia sehemu ya tatu, watu wakiwa na njaa nao."

Nikamwuliza, "Mwanangu Othmar, na hiyo sehemu ya tatu itakuwa lini?"

Akasema, "Bibi, mambo makubwa hayana tarehe."

Ndivyo Othmar alivyo. Ukimwambia chumvi imezidi, kesho anapika bila chumvi.

Basi siku ya kupiga picha, asubuhi, ziwa limetulia, Othmar akashuka ufukoni penye vichanja vyangu vya kukaushia usipa, akachora mstari mrefu mchangani kwa kisigino cha kiatu. Akanena, "Huku ni sehemu ya kwanza. Kule ni sehemu ya tatu. Wa sehemu ya tatu asivuke, hata kivuli chake kisivuke." Nasi wa sehemu ya tatu tukakaa ng'ambo ya mstari, mimi shangazi na kibakuli changu cha maharage ya kuchambua, na Flaviani rafiki na mfuko wake wa vyuma, maana alitoka kazini na alitaraji kurudi kazini.

Nilimwona hana raha. Nikamwuliza, "Baba, kuna nini?"

Akasema, "Bibi, Oliva amepigiwa simu na mama yake. Anakuja Jumamosi kuona hii sehemu ya kwanza."

"Na wenzake?"

"Na wenzake. Safari hii kumi." Akageuza koleo mkononi. "Ameuliza kama mara hii nitasimama au nitakaa tu. Na mwezi ujao tunabatiza mtoto hukohuko Ngumbo. Paroko ataniuliza jina langu mbele ya watu, Bibi. Najua kuna mtu nyuma atanijibia, 'Mtambulishwa.'"

"Mwambie Othmar."

"Nimemwambia. Amesema nivumilie, eti watu wanikose kwanza. Bibi, mimi Ngumbo nzima wamenikosa mwaka mzima, na hawajalia."

Nikaendelea kuchambua maharage.

Tazameni sasa, anakuja Glorious. Glorious wa mabega mapana, mvuta kokoro, ule wavu mrefu wa ufukoni, kijana aliyepewa Umwewe mpya. Kifua wazi, uso umepakwa masizi, na mabegani joho jekundu lililofungwa fundo shingoni. Na lile joho lilikuwa pazia la sebuleni kwa mama yake Othmar, lililoazimwa kwa kiapo kwamba Jumapili litakuwa limerudi dirishani, zima, maana siku hiyo mama alikuwa na wageni wa jumuiya. Glorious akapanda juu ya kichanja changu. Nikasema, "Taratibu, mwanangu, hapo kuna usipa." Akasema, "Shikamoo Bibi, nitaruka tu mara moja." Akanyoosha mikono. Akakunja magoti. Na safari hii simu ilikuwa tupu, ina nafasi ya kutosha. Othmar akapaza sauti, "Ruka."

Akaruka, naam, kama mwewe. Lakini joho halikuruka. Joho lilishikwa na waya wa kichanja pale pembeni, nalo likamrudisha shujaa hewani kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba. Kichanja kikalia, kikainama, usipa wote wakammwagikia kichwani, naye Mwewe wa Nyasa, mlinzi wa ziwa, akabaki ananing'inia, vidole vya miguu vikiufikia mchanga kwa shida, mikono imeshika fundo shingoni, macho yamemtoka.

Othmar akazidi kupiga picha. Akanena, "Vizuri, Glorious. Teseka hivyo hivyo. Uso mzuri sana huo."

Glorious akasema, "Khhh."

"Sema maneno yako. Sema, ziwa hili nitalilinda."

"Khhh."

Mwenye kisu alikuwepo, Urbani wa banda la video, akakimbilia joho. Othmar akampigia kelele, simu mkononi, "Usikate pazia la mama." Urbani akasimama, kisu juu, hajui amtii mwenye pazia au mwenye shingo. Na sisi wengine tukabaki tumeduwaa, sote tumeutazama ule mstari, maana mtu akishakatazwa na mwenye kipaza sauti huwa mzito.

Hapo ndipo Flaviani alipoinuka.

Enyi mlioketi, semeni mliwahi kuona mtu akiinuka. Aliinuka na koleo mkononi, si kwa pupa, kama mtu aliyesikia baiskeli ikilia vibaya barabarani. Akaufikia mstari. Akautazama. Nami nikaona moyo wake ukienda Ngumbo na kurudi. Kisha akaweka mguu ng'ambo, na mwingine, akaenda hatua kumi na nne, nilizihesabu, kupita sehemu ya pili ambayo hata haijatengenezwa, akaingia sehemu ya kwanza na viatu vyake vya kazi. Akamwinua Glorious kwa bega moja, kama anavyoinua baiskeli yenye mzigo, apate pumzi. Akauona waya ulioshika. Akasema kwa upole, "Tulia, nisikubane sikio." Koleo likalia mara moja, ta. Waya ukaachia. Shujaa akashuka chini, na pazia zima, hata uzi haujatoka.

Glorious akakohoa, akamtazama kwa macho ya mtu aliyefufuka, akauliza kwa sauti nzito iliyokwaruza, "Wewe umetoka wapi?"

Flaviani akajibu, "Nilikuwa hapo tu." Akapangusa koleo kwenye suruali. "Mimi Flaviani, fundi baiskeli. Ukiruka tena, ruka upande wa kule, hakuna waya."

Akageuka kurudi ng'ambo ya mstari.

Ndipo Othmar akaiteremsha simu, akanena kwa uchungu, "Flaviani, ndugu yangu, umeniharibia. Nimekueleza wewe ni wa sehemu ya tatu. Sasa tutarudia. Glorious, panda."

Glorious akakaa mchangani. Usipa walikuwa bado masikioni. Akasema, "Kaka Othmar, mimi sipandi."

"Shujaa hakatai."

"Basi mpe Urbani hilo pazia. Shingo yangu ni ya kuvutia kokoro."

Wakavutana hivyo mpaka kivuli cha kichanja kikahama. Mimi nikamaliza maharage, nikasema, "Othmar, mwanangu, kabla hujarudia, si utazame kwanza hicho ulichopata?"

Akatazama. Akainama juu ya simu, akaifunika kwa koti la suti isipigwe na jua, tukaona mgongo wake tu. Akatazama mara ya kwanza, akairudisha mwanzo. Mara ya pili mgongo ukatikisika. Mara ya tatu akacheka mpaka akapiga goti, naye hupenda suti ile kuliko kitu chochote. Akainuka na mchanga magotini, akanena na ufuko wote kana kwamba yeye ndiye aliyekaa ng'ambo ya mstari muda wote, "Sikieni. Nimevumbua jambo. Huyu rafiki hatambulishwi mezani, wala hasubirishwi hadi watu wamsahau. Anaingia pale shujaa amekwama, na jina lake analitaja mwenyewe, mara moja, akiwa na kazi mkononi. Nimevumbua."

Nikasema, "Hongera, mwanangu." Nilikuwa na usipa wa kuokota.

Ikafika Jumamosi, mchana, na mashua ya Ngumbo ikatia nanga. Mama Serafina akashuka na wenzake kumi, kitenge kile kile, wakaingia banda la Urbani lililozibwa madirisha kwa magunia. Nami nikaketi nyuma yao. Lakini Flaviani hakuingia. Hakuweza. Kwetu mkwe mwanamume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake; akimwona njiani huchepuka shambani hadi apite. Basi yule bingwa, siku ya ushindi wake, alisimama nje nyuma ya ukuta wa matete, sikio limebandikwa, na Oliva pembeni yake na mtoto.

Filamu ikaanza. Shujaa akaruka. Shujaa akanasa. Banda likacheka. Kisha likanyamaza, maana uso ule ulikuwa na dhiki ya kweli, na mama mmoja wa Ngumbo akasema, "Jamani, si wamsaidie huyo mtoto wa watu." Na kutoka mwisho wa picha, mbali, akaonekana mtu mdogo ameshika kitu, anakuja, hana haraka.

Yule mama akauliza, "Huyo naye ni nani?"

Banda likasubiri. Nje, matete yaliacha kutikisika, nadhani na pumzi pia. Mama Serafina hakugeuza shingo.

"Mkwe wangu," akasema. "Nyamaza kwanza, yuko kazini."

Hilo tu. Akaendelea kutazama. Lakini alipotoka aliketi kwenye mchanga, akamwita Oliva, akaanza kumpa salamu za kumpelekea mumewe, aliyekuwa amesimama nyuma ya nyumba hatua saba kutoka hapo: za kwake mwenyewe, za shangazi, za mjomba wa kule juu, za ng'ombe aliyezaa, za muhogo ulivyokubali mwaka huu, hadi nahodha wa mashua akapiga filimbi mara mbili, naye hajafika nusu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, nanyi mkawaambie watoto wenu. Na mwenye kubisha na aje kwangu aguse kichanja, pembe ya upande wa ziwa. Pale palipokatwa, Flaviani alirudi kesho yake, Jumapili baada ya ibada, akapafunga kwa spoki ya baiskeli. Pamekaza kuliko kwingine kote.