Mkono wa Sindano Pichani

Jumamosi asubuhi, runinga ya mgahawa wa donati pale Don Mills, huku ughaibuni, ilitangaza kwamba Castro kafariki. Kahawa zikasahauliwa mezani.

"Watawala wa namna ile hawazaliwi tena," akasema Mohamedali, aitwaye Mwenyekiti kwa kuwa miaka kumi na moja hakuna aliyethubutu kugombea naye uongozi wa kundi lao. "Lakini kiboko yao Stalin!"

"Toka hapo!" Bi Daulat Redio akadaka. "Na Mao je? Katangaza vita na shomoro, mwanangu! Watu wazima wanagonga sufuria mchana kutwa ndege wasitue!"

"Shomoro wakaisha, wadudu wakala mazao," akasema Alimohamed Kinyonga. "Ila wazo lilikuwa zuri." Akamtazama Mwenyekiti usoni. "Au baya."

Hasanali Sindano, fundi cherehani mstaafu, alikuwa kajibanza meza ya pili, koti hajavua. Wiki mbili nyuma aliropoka kwamba vitumbua vya kwa Mwenyekiti vinataka msumeno. Jioni ile ile akatolewa kwenye kundi lao la WhatsApp. Na pilau zote hutangazwa humo! Ya harusi ya Murad ilishampita hivi hivi, na kasikia kesho kuna nyingine. Leo kaja kuomba arudishwe, hata kwa kupiga magoti.

"Stalin, Mwenyekiti!" akarukia. "Mao kitu gani bwana? Stalin ukimuudhi, anakufuta mpaka kwenye picha!"

Alidhani kasifia. Wote wakamgeukia Mwenyekiti.

Redio akaweka simu yake katikati. Picha ya kundi hiyo: alipokuwa Sindano, pamebandikwa chungu cha maua. Ila mbandikaji kapitiwa, mkono wa Sindano bado umelala begani kwa Kinyonga.

"Kha! Mwenyekiti, kwa kazi hii Stalin angekufukuza!"

Mwenyekiti akakohoa. "Tupige kura. Arudi?"

Redio akanyoosha mkono.

"Asirudi?" Mwenyekiti akanyoosha wake.

Kinyonga akakalia mikono yake yote miwili.

"Sare," akasema Redio. "Na mkono huu wa pichani? Huu kundini haujatoka hata siku moja."

Mwenyekiti akavaa miwani, akaukagua kidole kwa kidole. "Haubishi. Vitumbua hauvisemi. Mwanachama safi kabisa. Mkono unabaki, mwenyewe tutamjadili mwakani."

Sindano akavua koti, akavuta kiti, akaketi katikati yao.

"Nimeshukuru, Mwenyekiti. Basi kesho nitausindikiza kwenye pilau. Si unajua, mkono mtupu haulambwi."