Maombolezo Kabla ya Msiba

Jumatatu, 4 Machi
Daktari wa mjini Balige amesema Baba hafiki Pasaka. Nimelia. Kisha nikapata wazo. Kaka yangu Sahat atakuja kutoka jiji la Medan na nyati wa kufugwa wa kuchinja mazikoni, na ukoo mzima utamsifu yeye. Mimi sina nyati. Lakini sauti ninayo! Nitajifunza andung, wimbo wetu wa kumlilia maiti, ambao siku hizi hata vikongwe wameusahau. Nimesoma kwenye simu kwamba mtu hujua lolote upesi akiligawa vipande na kukazana na kimoja kimoja.

Jumanne, 5 Machi
Shangazi Tiarma amegoma kunifundisha. Eti wimbo huo hauimbwi mtu akiwa bado anapumua, ni kuyaita mauti mlangoni. Wivu tu. Namkumbuka alivyomlilia mumewe, inatosha. Nimejifungia jikoni, simu nimezima. Kipande cha kwanza pekee, "Baba, umeniacha na nani," mpaka kikawa kinatoka chenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Nilipandisha sauti mno. Majirani wakaja na mchele, shuka zetu za msiba, ulos, mabegani, mmoja akaanza kufunga turubai uani. Wakamkuta Baba amekaa kitandani anakunywa uji. Mama Rumondang wa nyumba ya pili akaniuliza kama nina haraka ya kumzika mzee. Wameondoka na mchele wao.

Jioni Baba akaniita. "Tumpal, mwanangu, acha kunililia. Kaa hapa tuongee." Nikamwambia tutaongea nikishamaliza kipande cha mwisho.

Jumamosi, 9 Machi
Nimehamia shambani, nyuma ya mibuni, nisisikike. Kipande cha mwisho kimekubali! Nikarudi mbio. Nikakuta Baba ameshakata roho. Mama anasema aliniulizia mpaka mwisho, naye akawa anamjibu kwamba niko mazoezini.

Jumatatu, 11 Machi
Tumemzika. Nyati wa Sahat alikuwa mnene. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya jeneza, nikafungua mdomo, ikatoka hewa tupu. Mazoezi yameimaliza sauti. Sahat, asiyejua hata mstari mmoja, aliita tu, "Baba, Baba," na watu wote wakaangua kilio. Hata mimi. Inaniuma sana.

Jumatano, 13 Machi
Sauti inarudi. Nimefikiri sana na kosa langu nimeliona: nilichelewa kuanza. Mama amekohoa asubuhi. Ameniita nikanywe naye kahawa, anasema nyumba imekuwa kimya. Nimemjibu baadaye. Nimefunga mlango wa jikoni na kuzima simu.