Yah: Kukatwa kwa Laini ya Pili ya Mke Wangu Adventina

Bartholomayo Kagaruki,
Nshambya, Bukoba.
Septemba, 1997

Kwa Meneja,
Ofisi ya Simu.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na nguzo zako zote zikiwa zimesimama. Mimi sijambo. Ni fundi cherehani mstaafu na macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, kwa hiyo uniwie radhi mistari yangu ikipanda mlima.

Nakuomba kwa heshima ukate laini ya pili ya simu nyumbani kwangu. Laini ya kwanza ni yangu, iache. Ya pili imeandikishwa kwa jina la mke wangu, Adventina, aliyefariki wiki ya Pasaka, tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba kama ilivyo desturi yetu. Utasema laini ya marehemu haiwezi kumsumbua mtu. Hata mimi nilidhani hivyo. Nimeandika malalamiko kwa namba ili uyasome bila kuchoka.

1. Nilifika ofisini kwako mwezi wa sita kuomba laini hiyo ifungwe. Karani wako, binti mwenye adabu sana, alinieleza kwamba kwa kanuni laini hufungwa na mwenye laini, akija mwenyewe na kitambulisho chake. Nikamwambia mwenye laini amefariki. Akanipa pole, akainamisha kichwa, akaandika kitu, kisha akasema, "Basi, baba, akipata nafasi aje."

Sikukasirika. Kanuni zingekuwa zinabadilika kwa kila mfiwa, katika mkoa wetu huu zingekwisha zote. Ila naona nikujulishe mapema kwamba nafasi hatapata. Kama haiwezekani kabisa, karani aje Nshambya na muhuri. Pale alipo mke wangu ni pakavu, hapahitaji viatu vya mvua, na jina lake limeandikwa msalabani sawasawa na mlivyoliandika ninyi. Nitaweka kigoda. Akiwa na pingamizi atasema mwenyewe, hakuwa mtu wa kuficha.

2. Kuhusu namna nyumba ya fundi cherehani ilivyopata laini mbili, wakati mchungaji wetu hana hata moja nyumbani kwake. Mimi niliomba laini kabla ya vita. Wanajeshi wakaja, tukakimbia, tukarudi, tukakuta kuku wameliwa, na jibu la simu halijafika. Baadaye ukaingia ugonjwa, ukatuchukulia wanetu wawili wakubwa, Mujuni na mdogo wake, na watu wengine ambao nikianza kuwataja karatasi haitatosha. Adventina alikuwa akizunguka kwenye nyumba za wagonjwa na za watoto walioachwa. Akasema hawezi kuendelea kutuma salamu kwa makondakta wa mabasi, maana zikifika Muleba zimeshageuka habari nyingine. Akaandika ombi lake mwenyewe, bila kuniambia. Maombi yote mawili yakajibiwa wiki moja. Kwa hilo silalamiki, kila jambo na wakati wake. Nalalamika kwamba hakuna aliyetuambia kuwa mtu anaruhusiwa kukataa moja.

Siku hizo familia ya Suryakant, ambaye nilishonea kwenye baraza ya duka lake tangu ujana, ilikuwa inafunga mizigo kuhamia ng'ambo, Leicester. Mkewe, Madhuben, akatupa simu yao isiyo na waya, ya laini mbili, moja ilikuwa ya duka na moja ya nyumba. Ina kitako cha mezani chenye antena, na mikono miwili ya kusemea ambayo mtu anaweza kutembea nayo. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza. Adventina alishika kitabu akiangalia picha, mimi nikachomeka. Tulipishanisha waya, ikawa wanaomtafuta yeye wananipata mimi, nami naulizwa habari za sabuni ya kikundi chake cha wanawake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tusirekebishe mpaka Jumapili ipite.

3. Simu za zamani zilikuwa na mkia wa waya. Mtu aliitwa, akaja, akakaa kwenye kiti chake, akasikia aliloambiwa akiwa ameketi. Hii inatembea. Adventina aliifunga kiunoni na kitenge, akaenda nayo kwenye migomba, akawa anapalilia huku anashauri watu. Kuna mgomba mmoja ambao ukiupita sauti zinaanza kukwaruza. Aliufunga kitambaa chekundu, kipande cha masalio yangu ya ushonaji, asiupite akiwa katikati ya maneno ya mtu. Mimi sasa simu hiyo inanifuata popote. Mfiwa anatakiwa kukaa mahali pamoja. Tafadhali liangalie hilo hata kwa wateja wengine.

4. Mwezi wa tano ilipigwa laini ya pili, ilikuwa Madhuben kutoka Leicester. "Fundi! Mpe mama simu upesi, mimi naongea huku chapati inaungua!" Hakuwa na habari. Kwetu habari ya msiba hupelekwa na mtu kwa miguu yake. Anafika, anasalimu, anakaa, na mwenye nyumba akishamwona amekaa bila kuomba maji anaanza kujua. Huyu yuko ng'ambo, amesimama jikoni peke yake, hakuna wa kumshika mkono. Ningemwambiaje? Nikasema, "Yuko migombani." Wala si uongo, nimeshakueleza alipo. "Kila siku migombani!" akasema. "Mwambie apumzike, atakufa huyo!" Nikamwahidi nitamwambia.

Siku hiyo Benigna, katibu wa umoja wa wanawake wa usharika wetu, alikuwa ameniletea uji. Alisikia yote. Alinitazama, akarudisha kifuniko cha bakuli polepole, akaondoka hata bila kuaga. Nikadhani uji umemwagika.

5. Tangu wiki hiyo, Ndugu Meneja, yamezuka mambo ambayo ofisi yako peke yake ndiyo inayoweza kuyakomesha. Watu waliomzika Adventina wameanza kumpigia simu.

Alianza Rugaibula wa Izimbya, kaka yake wa tumbo moja, aliyeshika jeneza upande wa mbele. Hupiga kutoka ofisi ya chama cha kahawa. "Shemeji, dada yupo?" Nikajua majonzi yamempanda kichwani. Na kwetu mfiwa hasahihishwi, hata akisema jua ni mwezi unakaa naye mpaka akili irudi. Nikamjibu kwa upole, "Yuko migombani." Akasema, "Sawa. Leo mmekula nini?" Nikasema bado. "Bado na jua hili? Mwambie apike ndizi na maharage. Nitapiga jioni kuuliza." Na jioni akapiga kweli, akataka kujua kama maharage yaliiva.

Nikasema ni huyo mmoja. Akafuata Benigna, mwenye akili kuliko sisi wote pale usharikani, ambaye ndiye aliyemwosha na kumvisha. "Baba Mujuni, mwenzangu ameamka? Mwambie Jumapili asikose ibada, na aje na wewe, na shati lako lipigwe pasi, lile la juzi lilikuwa aibu." Halafu Alistidia, mpwa wake tuliyemlea, ambaye sasa ni mwalimu Kagoma. Huyu huomba simu kwenye duka la nafaka, nasikia watu nyuma yake wakibishana bei ya mahindi. "Mama mdogo yupo? Mwambie akukumbushe dawa yako ya presha. Atakukumbusha? Wewe, mwambie sasa hivi, nasubiri." Nami hutoka mpaka mlangoni, nikasimama kidogo, nikarudi kusema nimemwambia.

Nawaonea huruma. Kuanzia Bukoba mpaka Muleba watu wamechanganyikiwa kwa majonzi, na mtu mwenye akili timamu nimebaki mimi.

6. Matokeo yake ni haya. Marehemu anapewa kazi, na kwa kuwa hawezi kuzifanya zinaniangukia mimi. Nachemsha maharage. Napiga pasi. Rugaibula aliuliza kama dada yake amepalilia, nikaona aibu kusema hajapalilia, nikapalilia. Kila Jumapili nakwenda kanisani ili nimpelekee Benigna udhuru wa mke wangu, na nikishafika siwezi kutoka kabla ya mahubiri. Mwezi uliopita umoja wa wanawake ulimchagua Adventina kwenye kamati ya sare za watoto yatima. Nilipinga. Nilisema ana mambo mengi. Benigna akasema basi mwenye nyumba amwakilishe mpaka atakaporudi kutoka migombani. Hivyo mimi, mwanamume pekee katika kamati ya wanawake, nachora na kukata sketi za shule, na wenye macho wanashona. Wamenipa kiti karibu na dirisha na wananitania kuwa mimi ndiye mama mwenyekiti.

Suruali yangu ya msibani ilikuwa inanivuka. Sasa haifungi kifungo. Sokoni watu wananiambia nimependeza. Je, hiyo ni hali ya mtu aliyefiwa na mke? Wiki ile ya Pasaka nilikuwa nimekata shauri kuhusu jambo moja tu: kukaa kwenye kiti changu, kuugeukia ukuta, na kutosimama tena. Sikumwomba mtu chakula wala dawa. Nilikuwa nimeshaanza vizuri. Laini ya pili haijaniacha nimalize.

7. Basi nakusihi uikate. Ikikatwa, waliochanganyikiwa watapona kwa kukosa mtu wa kumwuliza. Marehemu atapumzika, maana hata uzimani hakuwa na kazi nyingi kama hizi. Kamati itachagua mtu aliye hai. Nami nitarudi kwenye kiti changu, ambapo sitasumbua ofisi wala mtu mwingine yeyote tena, na hata laini ya kwanza nadhani mtaweza kuichukua baada ya muda usio mrefu.

Nisalimie karani wako mwenye adabu, mwambie simwekei kinyongo. Nisalimie mafundi wanaopanda nguzo wakati wa mvua, na mzee wa getini aliyenipa benchi yake. Msalimie na mama watoto, na umsikilize akikuambia ukale.

Ni mimi niliye na shukrani,

Bartholomayo Kagaruki

Baada ya kutia sahihi:

Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, laini ya pili ikalia. Benigna. Kabla hajauliza, laini ya kwanza nayo ikalia, jambo ambalo ni nadra. Nikamwomba asubiri, nikapokea ile nyingine. Rugaibula. Naye nikamwomba asubiri. Nikitaka kurudi kwa Benigna nikabonyeza kitufe cha katikati, chenye picha ya vichwa viwili, ambacho hatukuwahi kukigusa. Kumbe kinawaunganisha wote wawili, na wewe unabaki umeshika simu kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

"Nani huyo?"

"Mimi Benigna. Rugaibula? Unafanya nini hapa? Leo si zamu yako!"

"Jana ilikuwa zamu yangu, nimepiga mchana kutwa hakupokea. Sikulala, waitu, mwenzangu. Leo ya pili nimekuta ina mtu, nikajaribu hii yake."

"Jana alikuwa kwenye kamati, anakata sketi. Alistidia hakukuambia?"

"Hakuniambia. Amekula?"

"Ndiyo nilikuwa naanza kuuliza, wewe ukaingilia."

"Bado anasema yuko migombani?"

"Bado."

"Usimsahihishe."

"Mimi nimsahihishe? Tangu siku ile ya uji namwulizia marehemu kwenye simu ya usharika, mpaka mchungaji ameanza kuniombea mimi."

Ndugu Meneja, nilisimama pale nimeshika simu. Ningeweza kuirudisha kwenye kitako taratibu, wasijue. Nikakohoa. Nikawaambia nimekula, ndizi na maharage, na dagaa kidogo, na dawa nimekunywa. Nikasikia Benigna anapenga kamasi. Kisha Rugaibula, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, akauliza, "Shemeji, dada yupo?"

Nikamwambia yuko migombani, ajaribu tena keshokutwa.

Kwa hiyo tafadhali usiikate laini ya pili. Kama kanuni inakutaka lazima ukate kitu, kata ya kwanza. Ile ni yangu, na mimi huwa sitafutwi huko.