Kuhusu Kuuawa Kwangu katika Toleo la Tisa

Fundi Yasini Hatibu,
Barabara ya Nane, Ngamiani,
Tanga.

Kwa Ndugu Godlisten, Mhariri na Mchoraji wa jarida la katuni "Kikosi cha Barabara ya Nane".

Ndugu Mhariri,

Marahaba. Naitika mapema kwa kuwa nakujua. Ungekuwa mbele yangu ungeniamkia kabla hujavua kofia. Mke wangu Chiku mzima, baiskeli za watu zipo. Shida ni moja tu, nayo ni kwamba nimekufa.

Nakukumbusha tulikotoka. Mwaka 2015 ulipanga chumba kwa jirani yangu, ukawa unashinda kibarazani kwangu unachora. Toleo la kwanza lilikuwa kurasa kumi na sita za fotokopi, nyeusi na nyeupe. Mashujaa walikuwa watatu, wote watu wa mtaani: mimi, ukiniita Spoku, niliyepaa juu ya ringi ya moto, Bi Devota wa kwaya ya Walutheri, aliyebomoa kuta kwa sauti, na Kristofa kinyozi, uliyemwita Wembe, ambaye mpaka toleo la nne kazi yake ilikuwa kutushikia taa. Niliridhia kwa moyo mkunjufu. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Katika toleo la tisa, mwaka 2018, uliniua. Sipingi, kifo ni haki ya kila kiumbe. Napinga niliyemfia. Ulinirusha mbele ya kombora ili nimwokoe Kristofa! Mtu ambaye saluni yake iko upande upepo unakotoka, na nywele za wateja wake zimetua kwenye grisi yangu miaka kumi na moja. Tena ukaniwekea na maneno ya mwisho: "Kristofa ndugu yangu, kikosi nakuachia wewe." Chiku alisoma, akalifunga jarida, akaniuliza, "Na mimi umeniachia nini?"

2. Baada ya kuniua, ulihamia Moshi kuoa, jarida likasimama miaka mitatu. Marehemu wengine wa katuni hufufuka toleo linalofuata. Mimi nililala kaburini nikisubiri harusi yako iishe. Mteja mmoja alileta baiskeli yenye pancha, akamwuliza Kristofa, "Siku hizi kazi za marehemu anafanya nani?" Nami nimesimama hapo, pampu mkononi.

3. Mwaka 2021 ulirudi kwa rangi, ukaanza kuhesabu upya: toleo la kwanza, kana kwamba yale tisa yaliliwa na mchwa. Kiongozi wa kikosi akawa Wembe. Mimi nikawa sanamu yenye njiwa wanne kichwani. Ringi ya sanamu hiyo umeichora na spoku kumi na moja. Ndugu Mhariri, ringi ya kweli ina spoku thelathini na sita. Ile yako haibebi hata kuku, sembuse mwokozi wa jiji.

4. Mwaka huu ndipo ulipovuka mpaka. Umetoa toleo uliloliita "Mwanzo Mpya", ambamo kikosi kimeanzishwa na Wembe na Bi Devota peke yao. Sanamu haipo. Njiwa hawapo. Spoku hajapata kuzaliwa. Kufa nilivumilia, kutozaliwa kumenishinda. Bi Devota, mtu wa haki, alikuja kumhani Chiku mara ya pili, akakwama mlangoni, asijue amhani kwa kifo cha nani ikiwa marehemu hajawahi kuwapo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nifufuliwe toleo lijalo. Ielezwe wazi kwamba nilimwokoa Kristofa kwa kuteleza. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inayothibitisha kuwa nilizaliwa ichapwe kwenye jalada. Kisha afe Kristofa, tena afe polepole, kwa kurasa zisizopungua nane, kwa rangi.

Msalimie mama watoto, wasalimie wakwe zako wote wa Moshi na majirani zao. Chiku anakusalimu sana, Bi Devota pia. Kristofa hakuombwa salamu.

Ni mimi niliye hai,
Fundi Yasini Hatibu

Nyongeza: Haya ya chini naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda. Miwani yangu imevunjika, na barua yote hapo juu ameiandika Kristofa, mimi nikisema. Mtaani hakuna mwenye mwandiko kama wake. Aliandika bila kuteta, hata ile habari ya nywele. Alipofika kwenye kurasa nane za kufa kwake akaweka kalamu chini, akauliza, "Fundi, kweli?" Nikamwambia andika. Akaandika. Kisha akasema taratibu, "Ila mwambie asichore damu nyingi. Mama hulisoma kila toleo, na moyo wake si mzima."

Godlisten mwanangu, usimguse. Mimi niache hivyohivyo, sijazaliwa. Amekwenda dukani kununua bahasha, nami naikunja barua hii sasa hivi, asije akarudi akasoma hapa.