Ini Langu Lirudi Kupitia Mulango Ule Ule

Annexe, Lubumbashi, tarehe 12 Juni

Kwa Papa Godefroid, mukubwa wa familia na prezida wa mukutano wetu wa kila mwezi

Papa muheshimiwa,

Jambo sana kwenu na kwa nyumba yote. Hapa Annexe tuko bazima, ni baridi tu njo inatuuma. Ninaomba mukae chini mbele ya kusoma barua hii, na muvae miwani. Mwezi uliopita mulisoma barua ya Laurentine bila miwani, na mukutano muzima tukamupongeza kwa kifo cha mukwe wake.

Mimi, kwa jina Mujinga, mutoto mwanamuke wa ndugu yenu, ninaleta mashitaka juu ya mudogo wangu Casimir, mushonaji wa suti kule Katuba. Ninaomba mukutano umuamuru anirudishie ini langu.

Kwa faida ya bale bamesahau, na bale banakujaka kwa mukutano juu ya chakula tu, ninakumbusha namna ilivyokuwa. Miaka ine iliyopita hepatite ilikuwa imemaliza ini la Casimir. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limevimba, na banganga balihesabu miezi yake kwa vidole vya mukono moja. Tukaenda India, mimi na yeye. Kule balikata kipande kikubwa cha ini langu, bakakiweka ndani yake. Alipoamuka aliomba bukari. Akaambiwa India hakuna bukari, akakasirika, akageukia ukuta. Mimi nilisikia hiyo habari nikiwa kitandani kwangu na mipira puani, na nikafurahi mupaka mushono ukaniuma, kwani mugonjwa mwenye kukasirikia chakula iko anarudi.

Lakini Papa, munakumbuka kilichofanyika mbele ya safari. Mulisimama katikati ya mukutano ili kutubariki. Na kwa kuwa mumezoea kusimamia ndoa, maneno ya ndoa njo yalitoka. Mulishika mukono wangu, mukashika mukono wake, mukasema kwa sauti: Casimir, tunakupa mutoto wetu akiwa muzima, umutunze, siku utamuchoka, usimupige, usimutupe njiani, umurudishe kwetu kupitia mulango ule ule. Bantu balicheka, bamama bakapiga vigelegele, na Mama Virginie, bibi yenu, akavuta koti lenu ili mukae. Mimi sikucheka. Niliandika.

Basi, kwa maneno yenu wenyewe, ini hilo ni mutoto mwanamuke aliyeolewa. Sisi bantu ba Kasai tunajua: familia iliyotoa mutoto iko na haki ya kuuliza habari zake, na ikikuta anateswa, inamuchukua, inarudi naye. Nimeuliza. Habari ni mbaya. Ninazipanga hapa moja kwa moja.

Ya kwanza. Munganga wake, Dokta Deborah, alitueleza kwamba mwili wa Casimir uko na askari bake, na askari hao banaona ini langu kama mugeni aliyeingia bila kubisha. Dawa inayoitwa tacrolimus njo inabatuliza. Inamezwa saa mbili asubuhi na saa mbili ya usiku, kila siku, mupaka siku ya kufa. Tulipatana hivi: saa mbili ninamupigia bip, telefone inalia mara moja tu, hapokei, akisha kumeza, naye ananipigia bip. Miaka tatu bip zilienda na kurudi. Kumbe tangu Pasaka kuna siku anapiga bip bila kumeza! Bibi yake wa ndoa, Benita, alifungua kopo la vifungo ili atafute kifungo cha shati, akakuta kapsuli zimechangana humo na vifungo. Papa, muntu kudanganya kwa mudomo, tumezoea. Lakini kudanganya kwa bip, kitu ambacho hakina hata neno moja ndani, hiyo sijapata kuona.

Ya pili. Sababu yake ni mikono. Dawa hiyo inamutetemesha mikono, na mushonaji mwenye kutetemeka hapitishi uzi kwa sindano. Hapo ninamuhurumia, siwezi kusema uongo mbele yenu. Nilimuona akijaribu mara saba, kisha akaweka sindano chini na kugeuza uso ili nisimuangalie. Lakini Dokta Deborah alimusikiliza, akamutolea njia. Ama abaki na tacrolimus peke yake kama zamani, avumilie mikono, na figo zake zivumilie pia, kwani zimeanza kuchoka. Ama apunguze hiyo, aongeze ingine, everolimus, figo zipumue na mikono itulie kidogo. Ila hii nayo iko na matata yake, inaweza kuleta vidonda mudomoni, na damu yake itapimwa kila wiki mupaka kipimo kijulikane. Alimuambia kuna bantu bamefika miaka makumi mbili na zaidi na ini la kupewa. Kati ya bale banaangukia njiani, alisema, kuna bale figo zilibashinda, na kuna bale baliacha dawa wenyewe.

Njia mbili basi, muntu achague. Casimir aliomba wakati wa kufikiri. Akauliza kinyozi. Akauliza Bwalya, yule anauzisha kadi za telefone karibu na duka lake. Akauliza Djo wa pikipiki, ambaye elimu yake yote ya mwili wa muntu ni kubeba bamama ba mimba. Akarudi na njia ya tatu, ambayo hakuna munganga aliitaja: kupatia mwili konje, upumuzike kama mufanyakazi. Juma nzima bila dawa, juu ya suti ya ndoa ya muteja wake Merdi. Suti ilitoka muzuri, ninakubali. Mabega yalikaa, na Merdi alioa kama waziri. Na juma lile lile vipimo vya ini langu vikapanda.

Ya tatu. Anajitetea kwamba mimi na yeye ni tumbo moja, na mwili wake hauwezi kumukataa ndugu. Papa, nyinyi mulitulea. Munajua namna tulikuwa tunagombana juu ya firigisi ya kila kuku aliyechinjwa, na kila mara alipewa yeye kwa kuwa ni mwanaume. Mwili ulioninyima firigisi miaka kumi na tano, utaliacha ini langu kwa amani bila kulazimishwa? Hao askari bake bananijua vizuri sana. Njo maana banahitaji dawa.

Ya ine. Mwezi wa tano alileta nyumbani chupa ya mizizi kutoka Naviundu, ya kusafisha ini. Kusafisha nini? Ini lile lilitoka kwangu safi! Ni ini la mama wa korali. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, halijui hata harufu, na siku ya ndoa yangu divai niligusisha mudomo tu juu ya picha. Dokta alikataza mizizi yote, na tunda la pamplemousse pia, kwani vinavuruga dawa ndani ya damu. Casimir alikunywa chupa nusu, na akafuatisha pamplemousse ili kuondoa uchungu. Sasa muntu akioa mutoto wa bantu, anamupeleka kwa muuza mizizi ili amusafishe? Kwetu familia ya mwanamuke ingekodi lori siku ile ile.

Ya tano, na hii njo iliniuma kupita zote. Nilienda Katuba kumuuliza kwa upole. Akasimama mbele ya bateja bake, akapiga tumbo, pa! pa!, akasema: ini yangu iko vizuri. Yangu! Papa, kwenye tumbo langu kuna alama ndefu kuliko mukono wa koti alilokuwa anashona siku ile. Nilimuitikia vizuri, nikamuaga, nikatoka. Nililia njia nzima ya kurudi Annexe, na konda hakuniomba nauli.

Kwa hayo yote ninadai yafuatayo, na ninaomba yaandikwe katika daftari la mukutano.

Moja. Casimir aitwe siku ya Mungu hii, Jumapili ya mukutano, asimame katikati, na maneno yenu ya siku ile yasomwe. Ninayo.

Mbili. Ini lirudi kwetu kupitia mulango ule ule. Dokta Deborah alinijulisha, akicheka mupaka akapangusa macho, kwamba ini halisafiri peke yake. Sawa, sisi si bantu bagumu. Basi lirudi pamoja na mwenye kulibeba. Chumba cha nyuma nimekifagia. Mashine yake itakaa kwa dirisha, ambako mwangaza ni muzuri. Jirani yangu Chama iko na vidole vyepesi; kila asubuhi atamupitishia uzi kwa sindano makumi mbili, yeye azitumie mupaka jioni. Saa mbili na saa mbili atameza mbele yangu, afungue mudomo, ainue ulimi. Maneno ya bip yamekwisha. Atachagua dawa mbele ya Dokta, si mbele ya kinyozi, na kupimwa damu mimi njo nitamupeleka. Benita na batoto banaweza kuja kutembelea ini wakati wowote, na bakitaka kulala, mikeka iko.

Tatu. Atakaa hivyo mupaka aje kuniomba musamaha na mbuzi, kama mume yeyote aliyetesa bibi. Ninajua atauliza: nitakuja namna gani kwako na mbuzi, na mimi tayari ninakaa kwako? Atatoka kwa mulango wa nyuma, atazunguka nyumba, atabisha kwa mbele. Mimi nitauliza ni nani.

Ine. Akikataa hayo yote, mukutano utangaze kwamba ndoa imevunjika. Hapo nitadai kila kitu ini langu lilifanya tangu liingie kwake: mashavu yale, weupe wa macho, suti zote alizoshona kwa miaka ine, na ile ya Merdi hata kama Merdi iko ndani yake. Nitadai pia nusu ya Sephora, mutoto wake wa mwisho, aliyezaliwa mwaka wa pili kisha operesheni. Bila mimi angezaliwa na nani? Nusu ya juu itanitosha, kwa sababu ndiyo inacheka.

Ninakomea hapa kwa kuwa karatasi imekwisha. Maneno yangali mengi. Mumusalimie Mama Virginie, na Laurentine ambaye mukwe wake bado hatujamulilia vizuri, na bote ba kwenu mupaka kuku. Benita mumuambie kwamba siku ile alifungua kopo la vifungo, alifanya kazi ya bantu kumi.

Mutoto wenu mwenye heshima na mwenye kudai haki yake,

Mujinga

N.B. Hii, Papa, musiisome mbele ya mukutano.

Langu lilishaota tena. Kisha miezi michache tu lilikuwa karibu kujaa, banganga balinionyesha kwenye picha. Kwa hiyo lile lingine sina kazi nalo, na ninajua kwamba likitolewa asubuhi, Casimir hafiki jioni.

Nilipoona vipimo vyake nilimuuliza Dokta Deborah: akiliharibu hili, banaweza kunikata tena? Akasema hapana, muntu anatoa mara moja tu. Nikamuuliza tena kwa Kifaransa, pengine kwa Kiswahili hakunisikia vizuri. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa Chiluba, ambacho hakijui, akanishika tu mukono.

Basi Papa, tusimunyanganye kitu. Kwa mama yetu tumebaki mimi na yeye, na sina kipande kingine cha kumupa. Mumuogopeshe tu. Mumuogopeshe sana, mupige na meza, mukubali hata ile ya Sephora. Na akisema hana mbuzi, mumuambie kuna mumoja nimefunga nyuma ya nyumba. Amufungue huyo, azunguke naye.