Kimbunga Nilichokiombea

Jumatatu, 28 Aprili. Masasi.

Nimeficha jambo moja, na kwa kuwa daktari sasa anamwita mwanangu Yasinta pembeni badala ya kuzungumza nami, naona niliandike kabla sijaondoka nalo. Ni hili. Kila redio inapotangaza kimbunga baharini, watu wote wa Masasi huomba kipite mbali. Mimi huomba kije.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Vimbunga nimevichora ubaoni, jicho katikati, wanafunzi wakashangaa. Sijawahi kuona hata kimoja. Vyote hugeukia Msumbiji au hufia majini. Navifuatilia redioni kama wenzangu wanavyofuatilia mpira, ila timu yangu haijawahi kufika uwanjani. Nataka kukiona kimoja kwa macho yangu kabla sijafa. Basi. Sina ombi jingine.

Leo asubuhi: mgandamizo mdogo wa hewa kaskazini mwa Madagaska. Wametoa angalizo. Angalizo ni ngazi ya chini kabisa, chai isiyo na sukari, lakini nilikunywa. Moyo ukaenda mbio. Yasinta akadhani ni ugonjwa, akanilaza.

Jumanne, 29 Aprili.

Angalizo limekuwa tahadhari! Upepo mkali, Mtwara na Lindi. Na sisi tumo. Lakini Masasi iko chini, milima ya mawe imetuzunguka, utaona nini? Anayetaka kuona lazima apande Newala kwa dada yangu Paulina. Nyumba yake iko ukingoni kabisa mwa Shimo la Mungu, lile genge refu. Pale unaona bonde lote la Ruvuma mpaka ng'ambo.

Tatizo: siwezi kufika chooni bila kushikwa.

Mkakati. Nilimwita Yasinta, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nataka nikamuage shangazi yake. Si uongo. Kuaga nitaaga. Alilia. Sikutarajia alie kiasi kile. Nikataka kumwambia kweli, redio ikatoa taarifa nyingine, nikasahau.

Yasinta aliogopa kusafiri kwenye tahadhari. Hapo akaingia mkwe wangu Gwakisa, Mnyakyusa, mwalimu wa fizikia, ambaye anajua kila kitu kwa sababu kila kitu kiko kwenye simu yake. Alituonyesha picha ya wingu linalozunguka. Akasema kwa heshima zote kwamba Baba asiwe na wasiwasi, kesho kutwa kitageukia Msumbiji. Nilimuuliza kama simu yake imewahi kufundisha jiografia. Akasema hapana, Baba. Nilishinda. Lakini Yasinta alimwamini yeye, akaona njia ni salama, akaanza kufunga mizigo. Kwa hiyo ubishi wa Gwakisa ndio unaonipeleka Newala. Sijui nimshukuru au niendelee kumchukia.

Jumatano, 30 Aprili. Newala.

Tumepanda kwa gari la Gwakisa, mimi nimelazwa nyuma juu ya mito kama trei ya mayai. Ukungu na baridi. Paulina aliniamkia shikamoo kaka, akageuka ukutani kufuta macho. Nilidai chumba chenye dirisha linalotazama bondeni. Nikapewa bila swali. Mtu anayeaga hanyimwi kitu. Ningelijua hili mapema!

Jioni nilikaa kitandani nikatazama bonde. Zuri sana. Kisha nikagundua. Dirisha linatazama magharibi. Bahari iko mashariki. Kimbunga kitatoka mashariki. Mimi, mwalimu wa jiografia, nimemliza mwanangu, nimebebwa mpaka juu ya mlima, na nimekaa nimekipa kimbunga mgongo.

Nikajituliza. Huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kwa hiyo kikipita kusini kwetu, upepo utatoka magharibi na kunijia usoni. Kikipita kaskazini, utatoka mashariki nami nitatazama ukuta. Au ni kinyume? Nilizungusha sahani ya ugali mkekani ili kuhakikisha. Nilizungusha mpaka kisamvu kikamwagika. Paulina alimnong'oneza Yasinta kwamba akili imeanza kuondoka.

Alhamisi, 1 Mei.

Niliamshwa na mabenchi yakishushwa. Sauti za wanawake. Mtu akauliza turubai lifungwe upande gani. Nikawaza, nani amekufa? Jirani? Nilisikitika kweli, nikaanza kutafuta maneno ya kumpa pole Paulina. Ilichukua muda kuelewa kwamba marehemu ni mimi, au niko njiani, na watu wamewahi.

Kosa langu. Huku kwetu mgonjwa akisema anakwenda kuaga, habari hupanda mlima kabla ya gari. Wamekuja wa Mnyambe, wamekuja wa Lupaso nilikozaliwa. Kila mmoja ananishika mkono na kunitazama usoni kama anayesoma saa ukutani. Sasa nitasemaje kwamba nimekuja kutazama upepo?

Mchana akatokea Lukmani. Yeye Myao, mimi Mmakua, kwa hiyo ni mtani wangu tangu enzi za mababu, na mtani hana adabu mbele ya kifo. Hiyo ndiyo kazi yake. Aliingia bila hodi, akajilaza mkekani katikati ya wanawake, akaiga kikohozi changu, akaiga ninavyoomba uji. Waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashikana. Kisha akanisogelea.

"Mtani, nimepanda pikipiki toka Masasi nije kukuzika, nakukuta unapumua. Huna haya?"

Nilimjibu kwamba Myao akinusa pilau husafiri hata kwenye tahadhari. Akafurahi. Kisha akadai mapema fungu lake la msiba, akachukua redio yangu! Kwa sheria ya utani siwezi kumkatalia. Sasa sina taarifa. Tahadhari imepanda? Imeshuka? Niko gizani mchana kweupe.

Padri naye alikuja. Niliungama kwamba nimekuwa nikiombea kimbunga. Akauliza kimbunga kipi. Nikasema chochote kile. Alinipaka mafuta harakaharaka.

Ijumaa, 2 Mei.

Lukmani amenitangazia kutoka kwenye redio yangu mwenyewe: tahadhari kubwa! Ngazi ya juu kabisa! Gwakisa anatikisa simu kama chupa ya dawa. Hakikugeuka alivyosema. Kinapita kusini, karibu na mpaka. Kusini! Nilimwomba Paulina sahani, akaninyima.

Wamefungua turubai na kuingiza mabenchi ndani. Hewa imetulia ajabu. Kuku wameingia bandani wenyewe. Na dirisha langu? Limefungwa kwa komeo, likaegemezwa godoro, kwa sababu mgonjwa hapigwi upepo. Nimetoka Masasi kuja kutazama godoro.

Nilimwomba Yasinta nipelekwe nje nilione bonde mara ya mwisho. Akakataa. Mara ya mwisho imeshazoeleka hapa ndani. Nikajaribu mwenyewe. Nilifika mlangoni, nikaishia chini katikati ya masufuria ya msiba wangu. Wakanirudisha kitandani. Basi nikamwita Lukmani, nikamweleza yote. Ndiye mtu wa kwanza kuijua kweli ukiacha padri, ambaye sidhani kama alielewa.

"Mtani, kumbe hata kufa umekufanya tiketi," alisema.

Hakucheka. Hilo limenitisha kuliko tahadhari. Bati limeanza kulia. Naacha kuandika.

Jumamosi, 3 Mei.

Kimepita. Watu wote wazima, namshukuru Mungu, ingawa sijui ana maoni gani juu yangu. Bati la jiko la Paulina liko kwa jirani. Mikorosho yake ya kando ya barabara imelala, mizizi juu. Asubuhi niliwasikia wakisema ameizunguka yote, mmoja mmoja, akiigusa. Ndiyo iliyokuwa inamlisha. Alipoleta uji hakulalamika, alisema tu ni mapenzi ya Mungu. Nilikunywa uji. Sikumwambia nani aliyeyaombea.

Lukmani amekuwa shujaa. Upepo ulipofikia kilele chake alilisukuma godoro, akafungua dirisha, akanikamata kwapani na kunisimamisha mbele ya bonde. Wanawake walipiga kelele. Yasinta alimchapa kwa kanga mgongoni. Hakusikia, mtani haulizwi. Na upepo ulitoka magharibi! Ulinijia usoni, kama sahani ilivyosema. Gwakisa mwenyewe amekubali mbele ya mashahidi.

Leo wageni wameniomba niwasimulie nilichokiona. Niliwaeleza mawingu yanavyojisokota, miti ya bondeni inavyolala chini kwa pamoja, mvua inayokwenda kwa ubavu bila kugusa ardhi. Walisikiliza mpaka mwisho, wakatoka. Yasinta akabaki nyuma, akanishika mkono.

"Baba, kumbe ulikuja kwa hili?"

Nikasema ndiyo. Alinifunika shuka vizuri. Mwisho akasema basi afadhali umekiona. Ningependelea angenichapa na mimi.

Jumapili, 4 Mei.

Sijafa. Wageni wanaondoka, wengine wakiniaga kwa lawama kidogo. Lukmani ameondoka na jogoo.

Gwakisa alikuja kunijulia hali, nikamwomba anifungulie simu. Kuna kiwingu kipya, mbali, kaskazini-mashariki mwa Madagaska. Hata angalizo hawajatoa. Alisema msimu unaisha, hicho hakitafika popote. Kwa uzoefu wangu na utabiri wa Gwakisa, kinakuja.

Nilimwita Yasinta. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nina binamu Mtwara mjini, karibu kabisa na bahari, na kwamba sijamuaga.

Aliweka chini nguo alizokuwa anakunja.

"Lakini Baba, si ulishakiona?"

Nikamwambia nilikiona, mwanangu, ila kukiona baharini ni jambo jingine. Ametoka nje kufikiri. Nadhani atakubali. Nami, kwa kuwa nilianza kuandika ili niseme kweli, niseme yote. Niliyowasimulia wageni niliyatunga. Lukmani alinisimamisha dirishani, bonde zima likiwa mbele yangu, na upepo uliponipiga usoni niliogopa. Nilifumba macho, na sikuyafumbua mpaka dirisha lilipofungwa.