Nani Alimwiba Bwana Kwato?

Jumanne, 15 Julai

Nimeibiwa! Si simu, si kuku. Nimeibiwa Bwana Kwato.

Shangazi Shamimu alinituma unga. Nikapita kwenye kibanda kipya cha Luka cha supu ya mbuzi, pale kona ya kuingilia mtaani kwetu, Ipagala, hapa Dodoma. Ukutani kachorwa mbuzi dume, mrefu kuliko mimi. Koti la kizee. Ndevu za kidevuni. Miwani ambayo mkono wake mmoja umevunjika, imefungwa kwa uzi unaozunguka sikio.

Mbuzi huyo nilimchora mimi. Nilikuwa darasa la tano, Kondoa, kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya hesabu. Bwana Kwato, mwalimu mkuu wa shule ya wanyama, anayeamini kwamba kila mtu anamwibia chaki. Nilimchora miaka mingi. Kisha nikajiona mtu mzima, nikaacha. Sikumwonyesha mtu. Labda Anifa tu, niliyekaa naye dawati moja.

Nimempigia Anifa. Sasa ni muuguzi Babati. Kasema hakumbuki mbuzi yeyote na kwamba ana wagonjwa. Kajibu haraka mno. Mtu asiye na hatia hufikiri kwanza.

Nimerudi bila unga. Shangazi kaniambia Jumamosi wazee wa mchumba wangu Imrani wanaleta posa, na msichana anayesubiri posa hazunguki akikagua kuta za watu. Mbona hataki nizikague? Na mbona kila akifagia chumba changu ananyanyua godoro?

Jumatano, 16 Julai

Nimempata mchoraji. Anaitwa Zaidi. Alikuwa juu ya ngazi akipaka kibao cha saluni. Nikajifanya mteja. Nikamuuliza michoro yake huitoa wapi. Kasema kichwani. Nikamuuliza kichwa cha nani. Kashuka ngazi moja, akanitazama.

Nikataja mbuzi. Hakubabaika hata kidogo! Kasema yule ni mbuzi wa kwao Kondoa, kamjua tangu utotoni, kila mtu anamjua. Nikamwambia mbuzi ana mwenyewe. Kacheka mpaka brashi ikamdondoka. "Dada yangu, yule ni wa wote, kama sungura wa hadithi."

Wa wote! Hivyo ndivyo wanavyosema wavamizi wa viwanja.

Tumekubaliana hivi: nikileta ushahidi, ataandika jina langu chini ya mbuzi, bure, herufi kubwa, rangi nyekundu. Kasema hivyo akicheka. Atakoma.

Usiku nimemweleza Imrani kwa simu. Yeye ni bwana shamba Bahi, mtu wa mpunga, haelewi sanaa. Kasema mbona ni jambo zuri, kumbe watu wanampenda mbuzi wangu. Kwa nini anamtetea mwizi?

Alhamisi, 17 Julai

Basi la alfajiri, Kondoa. Nimemkuta mama akikaanga karanga, biashara yake tangu baba alipofariki. Baada ya shikamoo nikauliza madaftari yangu ya zamani yako wapi. Ghafla karanga zikahitaji kukorogwa sana.

Nikamkazania. Kasema yalitumika. Yalitumikaje? Kaelekeza mwiko kwenye beseni.

Karanga! Miaka yote ile mama alikuwa akichana kurasa zangu kufungia karanga! Bwana Kwato kaenda sokoni, stendi, hadi kwenye baraza za watu, ana chumvi usoni. Mama hakuona hata haya. Kasema kwanza alichana bila kuangalia. Kisha wateja wakaanza kuuliza, "Mama Siku, leo Kwato kafanya nini?" Wengine walirudi siku hiyohiyo kununua tena, wakitafuta ukurasa unaofuata. Kasema kuna mteja mmoja alinunua kila jioni, na meno ya kutafuna karanga hana. Nikamuuliza ni nani. Kasema karanga zinaungua.

Kwa hiyo washukiwa si Anifa na Zaidi tu. Ni Kondoa nzima.

Nimepekua nyumba. Nimepata karatasi moja, chini kabisa ya beseni la zamani, imelowa mafuta hadi inaangaza kama kioo. Kwato anawagawia wanafunzi uji, yeye mwenyewe kabakiwa na sufuria tupu. Sikumbuki kuchora huruma hiyo. Lakini mwandiko ni wangu. Ushahidi!

Mama kaniomba nimwangalie mbuzi yule vizuri kabla sijajitangaza. Hasa miwani. Nimwangalie nini tena? Nimemchora mimi! Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Ijumaa, 18 Julai

USHINDI.

Zaidi kaipokea karatasi, akainusa. Uso ukabadilika. "Karanga za Mama Siku!" Kaniuliza kama kweli ni mimi. Kanipa mkono, mikono yote miwili, kama mtu anayesalimiana na mkuu wa mkoa. Sijaelewa anacheza mchezo gani. Lakini kaandika, herufi za urefu wa mkono: MCHORAJI WA MBUZI HUYU NI SIKUDHANI BINTI OMARI. Luka kanipa bakuli la supu. Nimeinywa nikiwa nimesimama, nikilitazama jina langu.

Jioni nimempokea mama stendi, na beseni lake, na karanga zake, na rundo lake la karatasi. Tulipofika kona ya Luka kaketi juu ya mzigo.

Kaniuliza hiyo miwani ni ya nani. Nikasema ya Kwato. Na uzi? Wa Kwato. Na ndevu, na koti? Kaniuliza kama sina macho au sina akili.

Basi nikamwona. Ee Mola! Baba mkubwa Abdulkadiri. Kaka yake baba, mwalimu mkuu mstaafu, miwani yake imefungwa uzi tangu sijazaliwa. Aliyenisomesha. Walii wangu! Asipotamka yeye neno la kukubali, hakuna posa, hakuna ndoa, hakuna Imrani. Na kesho atapita kona hii hii. Njia nyingine haipo.

Nikasema Kwato ni wa kubuni kabisa. Mama kasema miwani ni ya shemeji yake, lakini ile tabia ya kumshuku kila mtu si ya shemeji yake. Sijui kamlenga nani.

Zaidi hapatikani, kaenda kazini Chamwino. Mpango: turubai la shangazi. Nitaufunika ukuta mzima. Nitamwambia Luka ni kwa ajili ya vumbi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefunga turubai asubuhi na mapema kwa kamba ya katani. Kazi safi. Mafundi wangenisifu.

Mafundi hao hawaujui upepo wa Dodoma mwezi wa Julai. Wageni wa Bahi, Imrani akiwemo, na gari la baba mkubwa walifika konani kwa pamoja, wakashuka kusalimiana palepale. Mimi nilikuwa getini, natazama kupitia upenyo. Upepo ulianza kwa kuinua pembe moja. Kisha ukavuta. Turubai likaruka lote, likatua juu ya mama yake Imrani! Wazee walimchomoa humo kilemba kikiwa shingoni.

Baba mkubwa hakusaidia kumchomoa. Alikuwa anasoma ukuta.

Kasoma yote. Kavua miwani, kaifuta, kaifunga tena uzi wake. Mbuzi na yeye wakatazamana. Mzee mmoja wa Bahi akaanza kukohoa, akakohoa sana, ilikuwa kicheko.

Wakaingia ndani. Nikaitwa sebuleni. Nikatoa shikamoo. Baba mkubwa kaitikia marahaba, kisha kaniuliza mbele ya wote: "Alitoka?"

Nikauliza nani.

Kasema miaka mingi alinunua karanga asizoweza kuzitafuna, akawapa kuku, ili ajue yule mbuzi atafanya nini. Kasema siku ya kwanza alipoiona ile miwani alitaka kunichapa. Siku ya pili alitaka ukurasa mwingine. Mara ya mwisho Kwato alikuwa katumbukia kisimani akifuata chaki. Baada ya hapo karatasi zikawa za jiografia ya watu wengine. "Mimi nimekaa na mbuzi kisimani miaka kumi. Alitoka au hakutoka?"

Nikasema sijui. Kasema basi na yeye hajui jibu la posa.

Nikadhani ni utani. Kaegemea kiti, kafumba macho. Wazee wa Bahi wakatazamana. Imrani akanikonyeza niharakishe. Mama kaniletea karatasi kutoka rundo lake.

Nilichora magotini. Mkono ulikumbuka wenyewe. Kwato anatoka kisimani, koti linachuruzika maji, na wanaovuta kamba ni walewale wote aliowaita wezi: fisi, kanga, nguchiro. Baba mkubwa kaichukua karatasi. Kaniuliza huyo wa mbele kabisa, mwenye kitenge, anayeshika kamba kwa mikono miwili, ni nani. Nikasema si mtu. Mama akainuka kwenda kuangalia chai.

Kaikunja karatasi, akaitia mfuko wa koti. Kasema posa imekubaliwa.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetulia, nimefikiri. Mambo hayako sawa.

Kwanza, baba mkubwa kaondoka na mchoro wangu halisi. Hakuna shahidi aliyesaini. Pili, Imrani alicheka kabla mzee hajamaliza kusimulia. Nani alimwambia habari za kisima? Anasema alikula karanga stendi ya Kondoa akiwa mwanafunzi. Karanga gani? Ukurasa gani? Anasema hakumbuki. Jibu lile lile la Anifa!

Tatu, mama yake. Mwanamke kaangukiwa na turubai mbele ya wakwe, na bado aliniaga akitabasamu. Mtu wa namna hiyo ana mpango.

Nimemchora. Korongo wa mabwawa ya Bahi, mkoba begani, turubai kichwani kama kilemba, shingo ndefu inaingia kwenye sufuria za watu. Kafanana vibaya sana! Lakini hakuna atakayemtambua. Mkoba nimeupaka kijani, wake ni mwekundu. Nimeandika na jina langu, nimejifunza kwa Zaidi.

Chini ya godoro hapafai, shangazi anafagia. Mchoro nimeuficha mahali ambapo hakuna binadamu atakayetazama: katikati ya rundo la karatasi za mama. Kesho anafunga karanga za kumpelekea mama Imrani na ukoo wake wote Bahi, kila mtu na fungu lake. Atakuwa na kazi nyingi, hatapata nafasi ya kupekua.

Safari hii haniibii mtu.